Kakakuona wa Chifu Matorevhu

Kijiji cha Muteyo,
Jumapili baada ya ibada.

Dada yangu Muchaneta,

Nakupigia makofi ya salamu kutoka huku, ingawa najua huyasikii. Habari za Johanesbagi? Baridi imepungua? Yule bibi unayemfanyia kazi ameshapona mgongo, au bado anakupandisha ngazi na kukushusha kutwa nzima? Huku sisi tupo, kama na wewe upo.

Mama hajambo. Mguu umepungua kuvimba tangu aanze kupaka yale mafuta uliyompa dereva wa basi, ila anapaka mengi mno, na ukimwambia apunguze anakujibu kwamba mafuta ni ya binti yake, hayakuhusu. Watoto wangu wazima. Mdogo kang'oka meno ya mbele na anaulizia shangazi yake anakuja lini. Zvisinei mke wangu anashukuru kwa blauzi. Imemkaa vizuri mpaka wenzake wa kanisani wameanza kumnunia.

Umeona sijamtaja Baba. Nimefanya makusudi. Najua watu wetu walioko huko wameshakupigia simu, na najua wametia chumvi, maana wengine hata huku wanatia chumvi na wao wamesimama palepale jambo lilipotokea. Mimi nitakuandikia tangu mwanzo. Baba yu hai na afya anayo. Sasa kaa kitako usome taratibu, usirukie mwisho kama ulivyozoea.

Mambo yalianza wiki ile mgeni wetu alipoua tembo. Kazi yangu unaijua: nachuna nyara katika kambi ya wawindaji ng'ambo ya mto. Mgeni alikuwa Mmarekani mzee, fundi paa aliyestaafu, miguu myembamba, mpole. Kibali chake kilikuwa safi, mhuri upo, idadi ya tembo wa mwaka haijapita, na mlinzi wa wanyamapori alikuwa ubavuni mwake tangu asubuhi. Alipiga risasi moja, tembo dume mzee akaanguka, wakapiga picha, kisha wakaniita mimi na visu vyangu na magunia ya chumvi. Sitajifanya malaika, dada. Sehemu ya pesa wanazolipa wawindaji ndiyo iliyotuletea mashine ya kusaga, na tembo walewale ndio waliomaliza mahindi ya Mama mwaka juzi. Sisi ni watu wa Tembo, nyama yake hatuigusi, lakini hakuna mzee aliyewahi kusema tusiguse mshahara wake.

Basi watu wa kata wakaja na beseni zao kugawiwa nyama, na nyuma yao akaja mtani wetu Hamundidi. Najua umeshaanza kucheka. Ni yuleyule aliyemzika Babu, aliyeingia kaburini kwanza akalala chali kupima kama litamtosha marehemu, kisha akatoka akilalamika kwamba upande wa kushoto unabana. Safari hii alikuja kajifunika blanketi kichwani, analia kwa sauti kama mjane. Akajitupa kwenye mguu wa tembo, akaukumbatia, akalia kwa jina la ukoo wetu, "Uwii, Samanyanga! Mwenye pembe zako! Umetuacha na nani?" Kisha akainuka akaninyoshea kidole mbele ya kata nzima. Akasema, "Tazameni watoto wa siku hizi! Babu yake amelala chini, yeye anamvua nguo hadharani, tena kwa mshahara!" Watu walicheka mpaka nyama zikaanguka mchangani. Mimi nilimtukana, yeye akanishukuru, maana ukimtukana mtani umempa haki yake.

Akaenda moja kwa moja kwa yule Mmarekani, mikono mbele, kudai rambirambi. Bosi wangu akamtafsiria mzee wa watu kwamba hawa ni ndugu wa marehemu na wanataka wapewe pole. Mmarekani akacheka kwanza. Halafu akauliza tena kama ni kweli, kama kweli tuna ukoo na mnyama huyu. Alipoambiwa ni kweli, akavua kofia yake, kofia nzuri ya ngozi, akampa Hamundidi, kisha akazunguka nyuma ya gari. Nilimwona anapenga kamasi. Hamundidi hajaivua kofia ile mpaka leo, na usiisahau, maana itarudi.

Baba hakuja. Alikaa nyumbani kalipa mgongo bonde la mto, kama ilivyo desturi yetu, na niliporudi aliniogesha uani kama mtoto kabla hajaniruhusu kuingia.

Siku chache baadaye alikwenda kutengeneza uzio wa shamba upande wa mawe, na hapo kwenye kichuguu akamkuta kakakuona. Dada, Baba yetu hajawahi kumwona kakakuona maishani mwake. Mama anasema alirudi anakimbia, magoti yale mabovu, anamwita kwa jina lake la usichana. Misimu miwili mvua imetukimbia, na sasa mnyama wa baraka amekuja mwenyewe kwenye shamba letu! Unajua jinsi jambo lile linavyokwenda. Kakakuona hawekwi nyumbani wala haachwi porini. Aliyemkuta anampeleka kwa chifu, chifu anapiga makofi kumpokea, anatoa mtamba kwa aliyemleta, na nchi inapoa. Ukimwacha, baraka inageuka nuksi na inaanzia kwako.

Wapo wanaosema Baba hakujua sheria. Waongo. Alikuwepo kwenye mkutano wa maafisa wa wanyamapori, tena alikaa mstari wa mbele kwa sababu ya masikio. Aliwasikia vizuri wakisema usimuue, usimle, usimuuze, na ukimkuta mnyama anayelindwa, mkabidhi serikali. Sasa kwa Baba serikali ni nani? Kwa chifu kuna bendera. Kwa chifu kuna gari la serikali, na tarishi mwenye sare, na mshahara unaotoka Harare. Kwa hiyo siku ile alipomlaza kakakuona kwenye kapu, juu ya majani aliyoyalowesha maji, akamfunika koti lake la kanisani ili jua lisimuunguze, akalifunga kapu kwenye baiskeli, moyoni mwake alikuwa anatimiza mila na sheria kwa safari moja. Nimelifikiria sana jambo hili, na sijaona mahali pa kumcheka.

Kwenye kizuizi cha polisi, kabla ya daraja, askari akamuuliza amebeba nini. Angesema mihogo, angepita, maana wanamfahamu. Baba akatabasamu, akafunua koti lake, akamwambia, "Mali ya chifu, mwanangu. Sogea uone, huenda usimwone tena mwingine." Askari akawaita wenzake, wakapiga picha, wakapiga simu. Wakampandisha kwenye gari yeye na kapu na baiskeli. Baba akawashukuru kwa lifti. Alidhani wanamsindikiza kwa chifu. Askari mmoja kijana ndiye aliyenisimulia haya, na alipofika hapo hakuweza kunitazama.

Kwa kakakuona, dada, adhabu ni kuanzia miaka tisa. Kumshika tu kunatosha, hata kama hukumkwaruza. Hakimu hawezi kushuka chini ya hapo mpaka aoneshwe kile wanachokiita sababu maalumu. Umri wa Baba unaujua. Kumpa miaka tisa ni kutuambia tuanze kutafuta mbao.

Tukapata wakili wa bure, binti mmoja anaitwa Ruvarashe, mdogo wa umbo lakini mkali kama pilipili. Akatuambia njia ni moja. Ikithibitika kwamba kumpelekea chifu kakakuona ni mila ambayo bado inaishi hapa, na kwamba chifu huwapokea kweli, hakimu anaweza kuikubali kama sababu maalumu. Nikamwambia hilo rahisi, chifu mwenyewe atasema. Loo, ujinga wangu!

Siku ya kesi Chifu Matorevhu alikuja na suti na ule mkufu wake wa shaba kifuani. Akaapa. Akasema kwamba tangu akalie kiti hajawahi kupokea kakakuona, hajui hata wanalia vipi, amewaona kwenye picha tu, na kwamba Baba, mzee Taruvinga, hamjui zaidi ya kumwona kanisani. Dada, mtu aliyecheza mpira na Baba! Watu tulijaa mle ndani, na wengi wetu tunajua nani alipeleka lini na alipewa ng'ombe gani. Lakini kusema umeona ni kumpeleka mjomba wako jela. Kila mtu akatazama viatu vyake, na mimi nikatazama vyangu.

Hakimu ni mama wa makamo, mtulivu, anaandika sana. Akamuuliza Baba kama ana neno. Baba akasimama, akapiga makofi, akasema ana swali dogo. Akauliza, wiki ileile aliyokamatwa, mgeni aliua tembo ng'ambo ya mto, na tembo ni mkubwa kuliko kakakuona, na yule alikufa na huyu wake alikuwa hai. Je, yule mgeni alifanya nini ambacho yeye hakufanya? Hakimu hakumdharau. Akamjibu kwamba yule mgeni alikuwa na kibali. Baba akafikiri, akasema, "Basi na mimi nilikuwa naye. Kibali changu ni yule pale," akamwonesha chifu kwa kiganja chote, kwa heshima. Halafu akauliza kama kakakuona alinyweshwa maji. Hakimu akamwambia alirudishwa porini akiwa mzima. Baba akashukuru akakaa.

Hapo ndipo sauti ikatoka nyuma, "Mheshimiwa, na mimi nina kakakuona wangu!"

Alikuwa Hamundidi, kofia ya Mmarekani kichwani. Karani akamfokea avue kofia. Akajibu kwamba kofia hiyo ni rambirambi na huwezi kumvua mfiwa. Hata hakimu aliuma midomo. Alipokubaliwa kupanda na kuapa, akavua, akaiweka kifuani, akasema bila utani hata kidogo kwamba mwaka wa mafuriko yeye mwenyewe alimkuta kakakuona, akampeleka kwa Chifu Matorevhu, chifu akapiga makofi akampokea, na akampa mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Akasema mtamba huyo sasa ni ng'ombe mzee, yuko zizini kwake, waende wakamwone. Nikamtazama chifu. Hakukataa, alikunja uso tu kama mtu anayetafuta kitu kichwani. Nadhani amepokea wengi kiasi kwamba hakuwa na hakika kama huyu ni mwongo.

Hakimu akaacha kuandika. Akamuuliza kama anaelewa kwamba anajishtaki mwenyewe, na kwamba miaka ni ileile tisa. Hamundidi akasema anaelewa. Akasema yeye ni mtani wa mzee yule, na kazi ya mtani ni kuingia kaburini kwanza akalipime. Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika chenyewe, maana hakuna aliyejua kama ulikuwa mzaha.

Basi Hamundidi akawekwa mahabusu palepale. Baba akapewa dhamana arudi nyumbani, na hakimu akaagiza upelelezi wa ng'ombe yule. Ikithibitika katoka kwa chifu, sababu maalumu ya Baba ipo. Ruvarashe alitoka nje anatetemeka kwa furaha.

Sasa dada, nimefika pazito. Wewe umeshajua, maana mwaka wa mafuriko ndio mwaka ulioolewa. Mtamba mwekundu mwenye baka jeupe alikuja na mahari yako. Ulimchagulia jina wewe mwenyewe. Baba alimpa Hamundidi mwaka uleule kwa kumzika Babu vizuri. Hamundidi hajawahi kumwona kakakuona hata mkia. Nililijua hilo palepale mahakamani, neno "mwekundu" lilipomtoka mdomoni, na Baba alilijua, na Mama alilijua. Njia nzima ya kurudi hatukulisema. Baba alikuwa ametulia mno, nami nikadhani ameridhika.

Nilikuwa namlishia Hamundidi ng'ombe wake, maana mkewe yuko peke yake. Siku moja mpelelezi akaja nikiwa zizini. Kijana nadhifu, viatu vyake vilijaa samadi na hakulalamika. Akaniuliza ng'ombe aliyetolewa na chifu ni yupi.

Nilinyosha kidole. Nikamwonesha ng'ombe wako, nikasema, "Yule pale." Akauliza kama nina hakika ametoka kwa chifu. Nikasema nilikuwepo aliposwagwa kuletwa. Sikusita, Muchaneta. Nilimwuza mtani wetu kwa miaka tisa mchana kweupe, nimesimama katika zizi lake, ndoo yake mkononi. Nakueleza hivi hivi kwa sababu kila nikijaribu kulipamba linazidi kunuka. Nilifikiri hivi: Baba ni mmoja, nami sina mwingine.

Jioni tulipokuwa tunakula nilimwambia Baba, tena kwa majivuno, kwamba asihofu tena, mpelelezi ameridhika. Mama akasema nimefanya vyema. Baba akauliza nimemwonesha ng'ombe gani. Nikamwambia. Akasema, "Yule wa Muchaneta?" Nikasema ndiyo. Akaliweka tonge lake kwenye sahani, akanawa mikono. Hakunigombeza, na heri angenigombeza.

Akaniambia alikuwa anamngoja mpelelezi aje aulize, aambiwe kweli, watu wacheke, Hamundidi arudi nyumbani. Akasema uongo wa mtani hauna neno, kwa sababu mwisho wake anaufuta mwenyewe kwa kicheko. Akaniuliza, huu uongo wangu mimi ataufuta nani? Nikamjibu vibaya, dada. Nikamwambia Hamundidi alijitolea mwenyewe, hakuna aliyemsukuma, kazi ya mtani ndiyo hiyo. Baba akatikisa kichwa. Akasema, "Mtani anaingia kaburini kupima, mwanangu. Akishapima anatoka. Hazikwi yeye."

Asubuhi akaomba viatu. Nilimfuata mpaka njiani nikimsihi, nikapiga magoti barabarani mbele ya wanawake wanaokwenda kisimani, hakuna cha kusikia. Aliyempa viatu ni Mama. Alimpa na lile koti la kanisani, amelifua, lakini harufu ya kakakuona haijatoka. Akamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, akaingia ndani akafunga mlango. Baba akaenda kwa miguu mpaka kituoni, akawaambia ng'ombe yule katoka zizini kwake kwa mahari ya binti yake, kwamba mwanawe amedanganya kwa kumpenda, na kwamba wamtoe mtani wake wamweke yeye.

Unadhani walimtoa? Thubutu! Mwendesha mashtaka anasema wazee hawa wawili wanamchezea, kila mmoja anang'ang'ania jela kama vile kuna karamu. Dhamana ya Baba imefutwa, na Hamundidi hakuachiwa. Sasa wote wawili wako mahabusu, tena chumba kimoja. Askari wananiambia hawajawahi kupata watu wa namna ile. Baba alipoingizwa, Hamundidi alimtazama akasema, "Samanyanga, yaani umekuja kuninyang'anya hata kaburi?" Kisha wakagombana kweli, kwa hasira kabisa, na walipochoka wakagawana blanketi.

Mimi nimekwenda nikakiri kwa Ruvarashe. Aliniita mpumbavu kwa Kiingereza na kwa lugha yetu. Nami kesi yangu ya kumdanganya mpelelezi inanisubiri, nitaibeba. Nimeacha kwenda kambini kwa sasa. Ngozi ya yule tembo imeshakauka na imepakiwa kwenda kwa mwenyewe.

Chifu alimtuma tarishi wake na gunia la mahindi kwa Mama. Mama alilipokea vizuri, akapiga makofi ya heshima, akashukuru. Tarishi alipopinda kona tu, Mama akawaita kuku.

Sasa sikiliza ninachokuomba, maana barua hii yote ni kwa ajili yake. Hakimu hamwamini Baba, hamwamini Hamundidi, na mimi ndiyo kabisa. Amesema anataka mtu mwingine wa kumweleza ng'ombe yule katoka wapi. Mume wako ni marehemu, na wazee wake waliomleta ng'ombe wamekwisha. Umebaki wewe. Ukija ukasema kweli, Hamundidi anatoka siku hiyohiyo. Baba atabaki hana kitu mkononi zaidi ya neno lake. Ruvarashe anasema mtu aliyerudi jela kwa miguu yake ili asimponze mwenzake, hakimu anaweza kuona hiyo nayo ni sababu, na anasema tangu Baba aende, bibi mmoja wa upande wa mlimani amekuja kumuuliza kimyakimya kama aliyepeleka kakakuona zamani sana bado anafungwa. Lakini ameniambia nisikuahidi chochote, na sikuahidi. Ukija ukasema ng'ombe ni wa chifu, Baba yuko nyumbani kabla ya mavuno, nasi tutamsalimia mke wa Hamundidi kila asubuhi kwa miaka tisa.

Nilikaa na kalamu siku nzima nikitaka kukuomba hilo la pili. Sitaki kukuficha. Jana nilikwenda kumwona Baba, na kabla sijafungua mdomo akaniuliza kama nimeshakuandikia. Akasema nikuambie ukipita kwa chifu usisahau kumpigia makofi, kwa sababu chifu ni chifu hata akiwa mwoga. Mimi simpigii, na hilo Baba atanisamehe. Lakini nilipokuwa natoka nilimwona Hamundidi nyuma yake, anajaribu kumvisha ile kofia kwa sababu ya baridi ya sakafu, na Baba anaikataa, na yeye anaikandamiza tu kichwani.

Njoo, dada. Njoo useme kweli. Mimi nilinyosha kidole, wewe njoo ukikunje.

Mama anakusalimu, anasema uje na mafuta mengine. Zvisinei na watoto wanakupigia makofi. Baba anakusalimu kwa jina la ukoo. Hamundidi naye anasema ng'ombe wako hajambo, ana mimba uzeeni kama Sara wa kwenye Biblia, na wewe ukija ulete rambirambi mapema kwa sababu hajui itahitajika kwa nani.

Mvua imenyesha juzi, kubwa. Baba hakuiona ikianguka shambani, lakini anasema waliisikia juu ya bati, wakanyamaza wote wawili kuisikiliza.

Ni mimi mdogo wako,
Mabasa